Maji Safi kwa Nani

Kifo cha kwanza katika tangi la mfugaji mgeni wa samaki hutokea, mara nyingi, ndani ya maji maangavu. Wiki mbili au tatu zimepita tangu tangi lijazwe. Maji hayana rangi wala harufu, mwanga wa taa unapenya hadi kwenye changarawe, na samaki aliyekuwa akizunguka kwa madaha jana leo ananing'inia karibu na uso wa maji, anahema upesi upesi, matamvua yamemwiva. Kesho yake amelala ubavu. Huko Hounslow, magharibi mwa London, ambako mpangaji wengi haruhusiwi kuweka mbwa wala paka na tangi la samaki ndilo jibu pekee analoweza kupewa mtoto anayeomba mnyama, jambo hili ni la kawaida. Na kauli inayotamkwa mbele ya tangi hilo ni moja, iwe kwa Kipunjabi, Kisomali, Kiingereza au Kiswahili: lakini maji yalikuwa safi.

Kauli hiyo si uongo, wala si kweli kamili. Neno safi halijakamilika mpaka atajwe yule ambaye maji ni safi kwake. Mtu huyanywa maji, huyaoga na kuyaacha. Samaki huyavuta ndani ya mwili wake kila anapopumua, na humo humo hutolea taka zake. Sehemu kubwa ya taka hizo hutoka kupitia matamvua kama amonia. Chakula kisicholiwa na kinyesi kinachooza huongeza nyingine. Katika ziwa au mto amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji, lakini katika tangi la lita 40 haina pa kwenda. Haionekani, na katika kiwango kinachotosha kuunguza matamvua ya samaki, pua ya binadamu haiisikii.

Kinachomwokoa samaki ni viumbe wasioonekana pia. Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich karibu na mwaka 1890, alionyesha kwamba wako bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia. Kundi moja huifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuigeuza rangi ya kahawia, isiweze tena kubeba oksijeni ipasavyo. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei ovyo katika maji. Hujishika kwenye changarawe, kwenye kioo, na zaidi ya kote kwenye sponji ya kichujio. Kwa hiyo kichujio kipya kilichotoka dukani leo ni nyumba isiyo na wapangaji. Kinanguruma, kinasukuma maji, kinanasa vumbi, lakini kazi yake kubwa hakijaianza, na hakitaianza mpaka yapite majuma manne hadi sita ambamo bakteria hulishwa amonia kidogo kidogo hadi wawe wengi. Anayenunua tangi na samaki siku moja ameweka mgeni katika nyumba isiyo na paa, naye haoni kwamba paa halipo.

Maji ya Hounslow yenyewe yanaizidisha hatari hii kwa namna ambayo hakuna jicho lingeweza kuikisia. Sehemu kubwa ya maji ya London hutoka mto Thames, na kabla ya kufika mjini yamepita katika miamba ya chokaa. Ushahidi wake ni ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai katika kila jiko la mtaa. Maji hayo magumu yako upande wa alkali. Amonia katika maji huwa na sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na alkali ndiyo inayoamua ni kiasi gani kiwe katika sura ipi. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ya sumu; maji ya pH 8 huwa na zaidi ya asilimia 5. Kwenye pH 9, ambayo ni karibu na hali ya Ziwa Tanganyika, ni kiasi cha theluthi moja. Baadhi ya wafugaji wenye asili ya Afrika Mashariki huvutiwa na samaki wa ziwa hilo, wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa hadi Ulaya, na ni kweli kwamba maji magumu ya London yanawafaa kuliko yanavyowafaa samaki wa Amazoni. Lakini maji yanayomfaa samaki yaweza kuwa ndiyo yasiyomsamehe mfugaji.

Zingatia mfuko wa plastiki. Samaki wengi wanaouzwa magharibi mwa London wametua kwa ndege, wamefungwa katika mifuko yenye maji kidogo na hewa nyingi. Safarini wanapumua, hewaukaa inajaa mfukoni na kuyafanya maji kuwa na asidi, na asidi hiyo hiyo inaizuia amonia iliyojikusanya isiwe sumu. Pumzi ya samaki inamlinda dhidi ya taka zake mwenyewe. Sasa mfugaji mwenye huruma anafika nyumbani, anaufungua mfuko, na kwa muda wa saa mbili anaongeza maji ya tangi kijiko kwa kijiko ili mgeni azoee. Hewaukaa inatoka, alkali ya Hounslow inaingia, na amonia iliyokuwa imelala inaamka mfukoni na samaki bado yumo. Huruma imefanya kile ambacho haraka isingekifanya. Mtu hawezi kukilaumu kitendo hicho kwa kukitazama. Hata malaika angekipongeza.

Kiswahili kina neno moja, birika, kwa chombo cha kuchemshia chai na kwa hodhi la maji ya udhu au ya kuogea. Ukitoka kwenye birika la chai la Hounslow hadi birika la msikitini katika mwambao, unakutana na fikra ya maji iliyofundishwa vizazi kwa vizazi. Katika *Safina*, kitabu kidogo cha fikhi ya Kishafii kilichosomeshwa katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Zanzibar, maji hugawanywa mafungu mawili, machache na mengi, na mpaka wake ni qulla mbili, ambazo kwa makadirio ya siku hizi ni karibu lita 200 au zaidi kidogo. Maji machache hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Maji mengi hayanajisiki ila najisi ikiyabadilisha rangi, ladha au harufu. Mtoto wa chuo aliyekulia Pate na sasa anaishi Hounslow anazijua alama hizo tatu kabla hajajua kugawanya kwa mafungu ya desimali.

Ni kanuni yenye busara kubwa, na hata mfugaji wa samaki atatambua ndani yake jambo ambalo duka halimwambii: kwamba wingi wa maji una uvumilivu wake, na kwamba tangi dogo lililonunuliwa kwa sababu linaonekana jepesi kulitunza ndilo gumu kuliko yote. Lakini kanuni hiyo inajibu swali la mwenye kusali. Alama zake tatu ni alama za hisi za binadamu, kwa kuwa mwenye kuhitaji tohara ni binadamu. Kishafii hicho hicho kinamhesabu samaki aliyekufa kuwa si najisi. Linganisha basi: birika kubwa lenye samaki waliokufa kwa amonia, lisilobadilika rangi wala ladha wala harufu, linatosha kwa udhu. Maji yale yale ni tohara kwa mwenye kusali na ni mauti kwa mkazi wake. Hakuna mgongano hapa, wala fikhi haihitaji kutetewa. Panapotokea kosa ni pale mtu anapokichukua kipimo kilichowekwa kwa ajili yake na kukitumia, bila kufikiri, kwa niaba ya mwingine asiyekuwa na ulimi.

Mafundi wa mwambao, ajabu ni hiyo, walikuwa wamelifikiri jambo hili. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la kuogea liliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwake fundi alipachika bakuli la kaure. Maji yalipopungua, au birika lilipotolewa maji ili lisuguliwe, bakuli lilibaki limejaa, na samaki walipata pa kukaa mpaka maji mapya yaje. Watalii huliona bakuli hilo kuwa pambo, nalo ni pambo kweli. Lakini ni pia kiri ya kimya kwamba usafi wa mwenye nyumba una saa ambayo kwa samaki ni saa ya kifo, na kwamba mwenye kuutaka usafi huo anawiwa na samaki nafasi ya ukubwa wa bakuli. Samaki wale hawakuwekwa kwa mapenzi. Waliwekwa kwa kazi. Wajibu haukungoja mapenzi.

Hili ni adimu katika lugha yenyewe. Methali za Kiswahili zimejaa samaki, ila karibu wote wamekwisha kuvuliwa: mmoja ameoza na kuwaozesha wenziwe, mwingine anakunjwa angali mbichi. Samaki ni kitoweo kabla ya kuwa kiumbe. Lakini kitenzi kufuga kina hazina ambayo bado haijatumiwa hapa. Mtu hufuga kuku na mbuzi, kwa kulisha na kulinda. Hufuga pia ndevu na nywele, na huko kufuga ni kuacha, ni kujizuia mkono usikate. Mfugaji wa samaki anazihitaji maana zote mbili kwa wakati mmoja. Samaki anamfuga kama kuku. Bakteria anawafuga kama ndevu.

Na hapa ndipo fadhila iliyo imara kuliko zote inapogeuka. Mtu aliyelelewa vizuri, akiona sponji ya kichujio imekuwa ya kahawia na yenye utelezi, huona aibu. Huitoa, huipeleka chini ya bomba, huikamua na kuisugua mpaka ing'ae, na akiwa mtu wa mwambao hasa, aliyefundishwa kwamba usafi ni nusu ya heshima ya nyumba, hataridhika mpaka maji yatoke meupe. Maji ya bomba la London yametiwa klorini au kloramini ili yaue vijidudu, nayo hufanya kazi yake. Ule utelezi wa kahawia ulikuwa ndio paa la nyumba. Tena desturi ya kuyalaza maji usiku kucha kwenye ndoo ili dawa itoke, ambayo ni sahihi kwa klorini, haitoshi kwa kloramini: hiyo haiondoki kwa urahisi, na lazima ivunjwe kwa dawa inayouzwa kwa kazi hiyo. Anayefuata ushauri wa mzee wake kwa uaminifu anaangushwa na badiliko la kemia ambalo hakuna aliyemtangazia mzee huyo.

Je, mtu huyu ana hatia? Mwaka 1877 W. K. Clifford, profesa wa hisabati katika University College London, alichapisha makala juu ya maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa na shaka juu ya uzima wa chombo chake, akajituliza mwenyewe kwa mawazo mazuri, akaiaga meli ikiwa imejaa wahamiaji kwa moyo mkunjufu, nayo ikazama. Clifford alishikilia kwamba unyoofu wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Na kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Mfano huo umependwa sana na walimu wa falsafa, na mfugaji wa Hounslow anaonekana kuingia ndani yake moja kwa moja. Haingii. Mwenye meli alikuwa na shaka, akainyamazisha. Mfugaji hakuwa na shaka ya kunyamazisha. Maji maangavu hayazalishi shaka. Ndiyo sifa yake. Kumwambia kwamba alipaswa kutilia shaka kile ambacho macho, pua na malezi yake yote vilikithibitisha ni kudai kitu kigumu kuliko alichokidai Clifford.

Sheria ya nchi hata hivyo inakidai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, inayotumika Uingereza na Wales, inawahusu wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo. Inamtaka mwenye mnyama achukue hatua zinazofaa kumtimizia mahitaji yake, na mazingira yanayomfaa ni la kwanza kutajwa. Katika kosa la kusababisha mateso yasiyo ya lazima haiishii kwa aliyejua. Inamfikia pia yule ambaye kwa busara ya kawaida ilimpasa kujua. Maneno hayo, ilimpasa kujua, yanahamisha swali zima. Hayaulizi mfugaji alikuwa na shaka gani mbele ya tangi. Yanauliza alikuwa amesimama wapi alipojitwika jukumu. Kwa maana samaki hakuja mwenyewe Hounslow. Mtu amemtoa kiumbe mahali palipokuwa na maji yake, akamjengea dunia nzima ya vioo vinne na sakafu, akawa yeye ndiye mvua, mto na majira. Anayechukua madaraka ya ukubwa huo hawezi kudai kwamba ujuzi unaohitajika ulikuwa nje ya madaraka yake. Ujinga unaosameheka kwa mpita njia hausameheki kwa mwenye kujenga dunia.

Lakini kuna uzito upande wa pili, na usifichwe. Kipimo cha amonia cha matone, kinachobadilika kutoka manjano hadi kijani, si ghali, ila ni lazima mtu ajue kwanza kwamba kipo na kwa nini. Ujuzi huo haumo katika malezi ya mtu yeyote. Unapatikana kwa kuambiwa. Muuzaji anaujua. Anayemuuzia mzazi tangi, chujio na samaki watatu wa dhahabu kwa mkono mmoja Jumamosi alasiri, huku akijua kwamba bakteria hawapo, anafanana na mwenye meli wa Clifford zaidi kuliko mzazi huyo. Yeye ndiye mwenye shaka iliyonyamazishwa. Sheria ile ya 2006 imekataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16. Haimlazimishi muuzaji kumwambia mtu mzima arudi baada ya majuma sita. Hapo hatia imegawanyika, na si haki mzigo wote uachwe mlangoni pa yule ambaye mikono yake ndiyo iliyokuwa majini.

Wilaya ya Hounslow, kwa bahati, ni mahali ambapo jambo hili limeandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye mpaka wake wa magharibi, huko Kempton Park, maji ya Thames yamechujwa katika vitanda vya mchanga tangu zama za injini za mvuke, na mchanga wa namna hiyo hauchuji kwa punje zake peke yake bali kwa utando hai unaojijenga juu yake. Mashariki, huko Isleworth, kuna Mogden, kituo cha majitaka kilichoanza kazi katika miaka ya 1930 na ambacho leo hupokea taka za watu wapatao milioni mbili. Kazi yake kuu hufanywa na bakteria wanaopewa hewa katika mahodhi makubwa, ndugu wa wale wa sponji. Wakazi wa jirani walifika hadi Mahakama Kuu kulalamikia harufu na mbu wa Mogden, na hukumu ikatolewa mwaka 2011. Waliweza kushtaki kwa sababu walikuwa na pua, na kwa sababu walikuwa na mawakili. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo majitaka ghafi yalimwagika katika mto Crane, unaopita Cranford na nyika ya Hounslow, baada ya hitilafu ya mitambo karibu na Heathrow. Maelfu ya samaki walikufa. Ushahidi wao pekee ulikuwa miili yao, na ulifika ukiwa umechelewa, kama unavyochelewa daima ushahidi wa samaki.

Basi mfugaji anayekusudia kutenda haki anajikuta akifanya mambo yanayopingana na hisi zake. Anaendesha tangi tupu kwa mwezi mmoja na nusu, akililisha amonia ya chupa, huku watoto wakiuliza samaki wako wapi. Anaamini rangi ya tone katika kichupa kuliko uangavu anaouona kwa macho yake. Anapimia nitriti, anaiona ikipanda, anangoja ishuke hadi sifuri. Anabadilisha robo ya maji kila wiki, si yote, ingawa yote yangempa raha zaidi. Na sponji inapoziba hasa, anateka maji ya tangi lenyewe katika ndoo, anaikamua humo mara mbili au tatu tu, anairudisha ikiwa bado ya kahawia, na kumwaga yale maji machafu chooni, yaende zake Mogden.